Kiti cha Sifuna

Kitale, 3 Machi 2025

Kwako Mama,

Pokea salamu zangu. Goti linaendeleaje? Mimi niko mzima, ila vumbi la mbao limenikaa kwa koo. Najua utasema si ningepiga simu. Kwa simu huwa unaniuliza kama nimekula, halafu unakata.

Ile kazi ya makumbusho inakaribia kuisha. Chumba nilichopewa ni cha nyuma, nikipange vile mtu akiingia atanyamaza ajifikirie. Mlango nimeushusha, hata mtu mfupi anainama. Madirisha nimeziba yote, nikaacha moja dogo huko juu. Sakafu nimeipaka udongo kwa mikono yangu, kama ya jikoni kwako. Mtu anaingia peke yake na simu anamwachia Nderitu, mlinzi wetu. Ukutani hakuna maandishi yoyote.

Tunafungua tarehe ishirini na mbili. Njoo, tafadhali.

Kile kiti nilichochukua Krismasi bado kiko kwa fundi. Mguu ulikuwa umeoza kuliko tulivyodhani.

Binti yako,
Fridah


Kibabii, 12 Machi 2025

Mwanangu Fridah,

Goti liko, linajua mvua itanyesha kabla ya redio. Shamba nimemaliza kulima. Kunywa maji ya moto na ndimu, hilo vumbi litatoka.

Sitakuja. Baba yako mdogo Barasa amefika hapa tena na wazee wawili. Wanataka tukate mgomba tuuzike badala ya mwili wa kakako, ati miaka kumi na moja inatosha. Niliwapa chai na nikawaambia mgomba sikuuzaa mimi. Mtoto aliondoka na lori la mahindi kwenda Juba, akaniambia nimwekee chakula. Tangu siku hiyo hakuna mtu ameniletea hata kiatu chake. Sasa nizike nini?

Mwambie huyo fundi afanye haraka. Mezani kumebaki pengo, na nikila ndilo naangalia. Na asikikalie mtu, hata yeye fundi. Unajua.

Mamako


Kibabii, 2 Aprili 2025

Fridah,

Leo sikuulizi hali.

Mwalimu Ivy, huyu jirani yetu, alipeleka darasa lake kwa makumbusho yenu. Alirudi akinipongeza. Anasema katikati ya chumba cha binti yangu kuna kiti cha mbao chenye mguu mmoja mpya, na kwa mgongo mtu alichonga S na kisu. Kimezungushiwa kamba watu wasikiguse.

Fundi gani huyo, Fridah? Ulinidanganya hapa kwangu, ukinywa uji wangu.

Nimemkatalia Barasa kumzika kakako, kumbe wewe ulishamaliza. Watu wasiomjua wanaingia, wanamwangalia, wanaenda kula chipsi. Afadhali Barasa. Yeye alikuja akaniuliza.

Usiniandikie maneno. Leta kiti.

Mamako, bado


Kitale, 7 Aprili 2025

Mama,

Umesema nisiandike, lakini nikija na kiti bila kusema hili, nitaogopa kulisema mbele yako. Nimekukosea. Nilijua ukiulizwa utakataa, kwa hivyo sikuuliza.

Chumba kilinishinda, Mama. Nilikipanga mara tatu. Watu walikaa dakika mbili wakatoka wakiongea bei ya mbolea. Siku nilipoweka kiti, mzee mmoja wa Cheptais aliketi chini nusu saa, akatoka na hakuongea na mtu. Nikajiambia kiti ni cha hao wageni.

Hata huo ulikuwa uongo. Nyumbani jina lake hatulitaji. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba alipoenda, na sijawahi kumlilia kakangu mahali popote. Jioni wageni wakienda, naingia hapo naketi chini.

Nitakileta Jumamosi. Unisamehe ukiweza.

Fridah wako


Makumbusho, Kitale, 9 Aprili 2025

Mwanangu,

Nderitu anasema umeenda kununua rangi, kwa hivyo naandika kwa karatasi aliyonichania kutoka kitabu chake. Barua yako ilifika jana, nikaona Jumamosi ni mbali. Nilikuja kubeba kiti changu.

Huyu Nderitu alininyang'anya simu kama mtu yeyote. Niliinama kwa huo mlango wako, goti likalia. Sakafu imepasuka, Fridah. Samadi ulitia kidogo na majivu hukutia kabisa. Nitakuja nikuonyeshe tena.

Niliketi chini. Nyumbani niko na kuku, niko na redio, niko na sufuria za kuosha. Hapa hukuniachia kitu cha kushika. Nikaanza kufikiria vile niliwakataza jina la ndugu yenu ili mimi nisilie, na wewe ukatafuta chumba mji mwingine uende kulia. Hiyo imeniuma kuliko kiti.

Nikafungua kamba nikakikalia. Miaka yote hii, mimi mwenyewe sijawahi. Huo mguu mpya ni mzuri, hautikisiki. Nililia sana. Nderitu alisikia, akajifanya anafagia nje, na hapo nje palikuwa pameshafagiliwa.

Kiti kibaki. Kamba nimeichukua, nitafungia mbuzi. Anayetaka kukikalia akikalie.

Jumamosi njoo bila mzigo. Nitamwambia Barasa akate ule mgomba wa nyuma ya jikoni, ule alioupanda kakako mwenyewe. Tutaufunika na shuka lake. Nitapika ugali na kuku, na sahani yake nitapakua kama kila siku. Safari hii utaila wewe.

Mama Sifuna