Ufunguo wa Karakana ya Baba

Mpendwa Kaka,

"Jengo la kijani ni kijani popote utakapoliweka." Ni maneno ya msanifu wetu wa majengo, na nimeyatanguliza hata kabla ya salamu kwa sababu yamenikaa kooni tangu juzi. Sasa, shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Wifi, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku wazima, ila sauti yangu imekauka kwa kubishana, jambo ambalo halitakushangaza.

Unajua nimo kwenye kamati ya zahanati mpya ya "kijani", yaani isiyoharibu mazingira: paa la sola, matangi ya mvua, madirisha ya kupitisha upepo. Michoro ni mizuri. Ugomvi wangu ni kiwanja. Kamati ilichagua bonde lililo nje ya mji, kupita kituo cha mwisho cha basi. Msanifu anasema kutoka kituoni ni dakika kumi. Kweli, kwa gari lake.

Muuguzi mkuu, yule mama mfupi asiyecheka ovyo, alimwomba mjamzito mmoja wa miezi minane watembee njia hiyo, naye akakubali. Mimi nilishika saa. Dakika hamsini na mbili, tukipumzika mara nne, na mvua ilikuwa imejaza maji hadi vifundoni. Mjamzito alikaa juu ya jiwe akamuuliza muuguzi kama huko watu watakuwa wanazaa au wanafuzu jeshi.

Kikaoni nikauliza: sola itaokoa nini ikiwa kila mgonjwa ataletwa kwa gari? Na bonde linalokunywa mafuriko ya mji mzima tukilijaza kifusi, maji yahamie kwa nani? Msanifu akasema mimi ni bingwa wa kukataa tu, basi nitaje mahali. Nikataja karakana ya Baba.

Ndiyo, Kaka. Mabasi yote yanapita mlangoni, maji na umeme vipo, kuta za mawe hazijatikisika, na hakuna mti wa kukata. Msanifu alikwenda, akachungulia dirishani, akagonga ukuta, akaomba vipimo. Kwa mtu yule, kuomba vipimo ni sawa na kupiga muhuri.

Sasa lililo zito. Fomu iliyopitisha bonde ina sahihi nne, na ya kwanza ni yangu. Tulikagua kiwanja kiangazi, bila kushuka garini, tukajaza fomu magotini. Karakana ilinijia akilini palepale. Lakini ingebidi nikuombe ufunguo, na kwa miaka tisa hujaruhusu mtu asogeze hata randa ya Baba. Niliona afadhali wajawazito waende bondeni kuliko mimi kukuandikia barua hii. Nimekwisha kuieleza kamati kwamba naifuta sahihi yangu, na kwa nini.

Warithi ni sisi wawili, kwa hiyo bila wewe hakuna kitu. Meza ya Baba haitatoka. Itabaki chini ya dirisha, na hapo ndipo wagonjwa watakapoandikishwa. Muuguzi amekwisha kuikadiria kwa macho kupitia dirishani, akasema urefu wake unamfaa.

Wifi, najua ni wewe unayemsomea, maana miwani haitaki. Usimwache aikunje barua kabla hajajibu. Wabusu watoto.

Nawe Kaka, kamati inakaa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ufunguo usimpe mtu aniletee. Njoo nao mwenyewe, tufungue pamoja.

Ni mimi mdogo wako,
Mgomvi