Kipande cha Ngozi kwenye Kiatu cha Kushoto

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakupa nafasi ya kulala, na Mama hajambo. Sisi tunapumua, ila nyumba imepoa.

Najua umeapa hutampigia simu mdogo wangu. Ulisema mtu anayeshinda mita mia leo, wiki ijayo akashika paja katikati ya mbio, ni mvivu wa mazoezi. Kocha wake anasema hivyohivyo, naye anajua kila kitu isipokuwa miguu.

Mimi fundi viatu sikusomea udaktari, lakini soli haisemi uongo. Mwaka juzi niliona viatu vyake vya mazoezi vinalika upande upande. Nikamlaza sakafuni nikampima kwa futi ya kamba, akacheka, akauliza kama namtengenezea jeneza. Mguu wa kushoto ni mfupi, kiasi cha unene wa sarafu tatu. Nikakata kipande cha ngozi, nikakificha chini ya soli ya ndani ya kiatu cha kushoto cha mashindano. Sikumwambia. Niliona kwamba akijua ana mguu mfupi, atakimbia kama mwenye mguu mfupi.

Akivaa viatu hivyo, alishinda. Akivaa vile vya klabu, visivyo na ngozi yangu, paja lilivuta. Uvivu wote mliouona ulikuwa huo tu, Baba.

Fainali umesikia. Kwenye mita ya sitini alianguka kama nguo iliyokatikiwa na kamba. Daktari anasema msuli umeng'oka kwenye mfupa. Kutembea atatembea, mbio, basi.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Siku moja kabla, viatu vililowa mvua. Nilitoa soli za ndani nikazianika, wateja wakanizonga, nikazirudisha harakaharaka. Hospitalini nilipomvua viatu nilikagua. Ngozi ilikuwa kwenye kiatu cha kulia. Mguu mrefu niliuongeza kwa mkono wangu mwenyewe.

Yeye hajui. Anakaa kitandani akitafuta ni zoezi gani alilikwepa. Juzi aliniomba radhi, eti nimejichosha bure na viatu vyake. Nikamwambia haidhuru. Hebu fikiria, mimi ndiye niliyesamehe.

Mwisho wa mwezi, akirudi kutoka kliniki, nitamwambia. Nakuomba umpigie kabla ya hapo, umwambie hakuwa mvivu. Akishanisikia atataka mtu wa kumlilia, na hadi sasa mtu huyo ni mimi peke yangu.

Msalimie sana Mama, umsomee barua hii taratibu.

Ni mimi mwanao,
Fundi