Namna nilipandisha mwendo ya mashini yangu, na Kasereka akafunga pua

Mweso, siku ya Mungu, mangaribi. Mvua imekatika, ukungu iko inashuka ku milima, na roho yangu iko inachemuka.

Bila mimi, hii Mweso yote ingekuwa inaandika na makala mpaka leo. Kamata hiyo, we shajara, hakuna mwenye atakupinga. Toka hapa mpaka Walikale, hakuna mashini inazimika bila watu kuita jina yangu. Ku Bihambwe nilishatengeneza radio ya kamio na meno tu, shofere akiwa anasali rozari pembeni. Masomo niliachia katikati, ni kweli, lakini ni juu mwalimu alianza kuniuliza maswali yenye yeye mwenyewe hakujua.

Sasa muntu sawa mimi, nani anaweza kumuchekelea?

Kasereka.

Kasereka njo muume wa mudogo wangu. Alitoka Butembo, iko na magazini ya simu hapa barabarani. Simuchukie juu ya kwao, kwao ni watu wa kazi. Namuchukia juu ya kicheko yake. Anacheka na pua, sawa mbuzi yenye imevuta pilipili.

Siku ya ine tulioza Neema, binti ya kaka yangu. Bwana arusi ni wa Walikale. Filme nilikamata mimi, kama kawaida. Mu filme zote za familia yetu, jina yangu njo inatokea ya kwanza, mbele ata ya jina ya bibi arusi. Wakwe wakasema mama mukongwe, mwenye kuzaa baba ya bwana arusi, alibaki Walikale. Magulu yake haiwezi tena ile barabara, na anataka aone arusi ya mujukuu mbele afunge macho. Wanarudi kesho, siku ya kwanza, asubui na kamio. Filme iwe tayari leo, siku ya Mungu.

Filme ya nyuma, mashini yangu, ile kompyuta, ilikula siku mbili kuunga picha na kuipika, na groupe ya umeme ilikunywa esanse sawa mulevi wa matanga.

Njo Kasereka akasema, mbele ya wakwe, mukono ikiwa mu sahani ya nyama:

"Shemeji, ile mashini yako ni ya kulalisha kuku. Leta carte ya kamera, mi nipike filme kwangu."

Watu wakacheka. Ata mudogo wangu. Nikamuita muongo, nikamuita na majina ingine yenye haiandikwe.

Kumupa carte? Jina yake itokee mbele? Afazali niimeze.

Jana asubui nikafungua simu, nikatafuta namna ya kupandisha mwendo ya processeur, ile kichwa yenye inafikiri mu mashini. Kijana mumoja alikuwa anaeleza na Kifaransa: unaingia mu réglages za ndani, mahali wanapangia mashini kazi, mbele iamuke muzuri, unaongeza namba ya mwendo, unaongeza courant, ni kusema umeme, kidogo, na uchunge joto, juu processeur inaweza kuungua. Mega za internet zikaisha katikati. Haizuru. Masomo pia nilisoma nusu, na munaona mahali nilifika.

Ubavu ya mashini yangu inakaa wazi toka zamani, vis za kuifunga zilipotea. Nikatoa takataka kidogo ndani, hiyo si ya kuandika. Nikafika mu ukurasa ya bulu, Kiingereza tupu. Ile processeur ilitoka ku kiwanda wakati Neema alikuwa anaanza masomo, lakini sikuihurumia. Nilipandisha namba sawa vile watu wanapandisha bei ya maharagi wakati barabara imefungwa.

Ekrani ikakuwa nyeusi. Mashini ikajizima yenyewe, ikajiamusha yenyewe, ikaandika mustari mweupe na kuomba niguse F1. Nikagusa. Ikaendelea.

Nikasema, imekubali. Ata chuma inajua mukubwa wake.

Ikabaki joto. Wengine wananunuaka ventilateur za bei za kupulizia mashini baridi. Mi niko na baridi ya Masisi yetu. Nikabeba mashini mu chumba ya kuwekea fromage, jibini ya maziwa, mahali baridi haitokake ata saa sita ya muchana. Bibi yangu, Mama Bahati, akasimama mu mulango.

"Papa Bahati, fromage yangu itatoka jasho."

"Ivumilie. Ni mambo ya heshima."

"Mi nauzisha fromage. Heshima, nani anainunua?"

Hatujasemeshana mpaka sasa. Ni yeye njo atachoka wa kwanza.

Lakini filme ikatoka. Jua haikuwa imeshuka, filme ilikuwa imeiva.

Leo kisha misa tukaionyesha inje mu parcelle, ku televizio ya kaka yangu. Jina yangu ikatokea kubwa, rangi ya manjano. Baba ya bwana arusi akafunga flash ya filme mu leso, akaiweka mu mufuko wa kifua, ya kupelekea mama yake. Nikaeleza watu namna nilifanya. Niliongeza kidogo. Nilisema moshi ilitoka nikaizima na mukono. Nilisema mashini yangu sasa inapita za banki.

Kasereka hakucheka. Nilichunga ile pua saa yote: kimya. Kisha akanisogelea, watu wakiwa wanaangalia.

"Shemeji, niliongea vibaya. Kesho ukuje upandishe na ya kwangu."

"Kesho asubui," nikajibu, na sauti ya kusikika mpaka Kashuga.

Ilikuwa utamu, mpaka saa kumi.

Saa kumi nikaamusha mashini, nione tena zile namba za kwenda kuweka kwake. Zilikuwa za zamani. Zote. Nikaweka mupya. Ekrani nyeusi, mustari mweupe. Mara hii nikavaa miwani, nikanunua mega ingine, nikaandika yale maneno mu simu, simu ikanitafsiria: kupandisha mwendo imeshindikana, nimerudisha namba za zamani, gusa F1 tuendelee.

Kumbe jana, kazi yangu yote ku ile processeur ilikuwa kugusa F1.

Na mbio ilitoka wapi? Najua. Nilijua toka jana, njo maana nilikuwa nasifu baridi ya fromage.

Mashini ya Kasereka inakaa ku meza, na kitambaa juu. Anaipanguza kila asubui sawa viatu vya misa. Kesho nitatoa nini mule ndani, na ile pua ikiwa inanichunga?

Juu ile takataka yenye nilikataa kuandika ni majani makavu na manyoya. Ilijaa mpaka mu ventilateur, haikuwa inazunguka tena, na joto njo ilikuwa inachelewesha mashini. Kuku ya Mama Bahati njo inalala mule. Na yai ilikuwamo, ingali na moto.