Mabomba Aliyoyajaza Baba

Masama

Kaka Ndelilio,

Shikamoo. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mvua haikatiki.

Kaka, mabomba yako ya kukaushia kahawa yamekufa. Baba aliyatikisa, hakusikia maji, akasema bomba kavu halipeleki joto popote. Unamjua, mtu wa mfereji wa kumwagilia, kwake kila kitu hubebwa na maji. Akayatoboa yote, akayajaza mpaka juu. Nilimwambia ulivyonifundisha: ndani ni maji kidogo tu, hewa imetolewa, mvuke wake ndio unaopeleka joto kichanjani, na utambi wa waya ndio unaoyarudisha maji motoni. Akanifukuza jikoni kama alivyokufukuza wewe nyumbani.

Sasa joto linaishia mekoni. Kahawa ya msimu mzima inaota ukungu kichanjani. Baba anaigeuza kwa mikono kutwa, anakohoa, hataki kula. Mimi siwezi kuziba hata bomba moja. Nimelia mpaka nimechoka.

Jana alishuka mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akarudi na jani la isale, lile la kuombea msamaha. Alilifunga fundo, akaliweka mezani mbele yangu. Hakusema ni la nani. Aliniuliza tu basi la kuja huko kwako Holili linapita saa ngapi.

Jani nimelitia humu bahashani.

Mdogo wako,
Martha