Nilihesabu Matofali Mbele ya Mwenye Nyumba

Shangazi Dromo mpendwa, nakuandikia nikiwa nimenyong'onyea, nisaidie kabla sijampoteza Akweley. Mimi ni fundi mwashi wa Techiman, mji ulio mbali na Accra, na miaka mitatu sasa kila nikipata kazi nanunua saruji, mpaka nimejenga kwetu vyumba vitatu kwa mikono yangu, na jiko nimelipimia urefu wa Akweley mwenyewe ili asiinamie sufuria zake za kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, maana ndiyo kazi yake, anauza kenkey kule Accra, mtaa wa Osu, penye maofisi, na nampenda, hata nikichanganya zege namuwaza yeye, sasa harusi imekaribia akasema hahami, amepata chumba huko huko Osu, twende tukakione, nikaenda, Shangazi, chumba kimoja! choo cha kushirikiana! na mwenye nyumba, Bibi Okaile, anataka kodi ya miaka miwili mbele, pesa ambazo Techiman zingeniongezea vyumba viwili, basi ufundi ukanipanda kichwani, nikagonga ukuta, nikahesabu matofali kwa sauti, nikamwambia, "Mama, hapa hata matofali mia sita hayafiki, na ufa huu je? Unauza nini hasa?"

Bibi Okaile akafungua mlango. "Toka, mwanangu, kahesabu ya kwenu."

Tulipofika barabarani Akweley akasema, "Gyabaah, basi ioe hiyo nyumba yako." Tangu Jumapili hapokei simu. Tofali ni lile lile, saruji ile ile, kwa nini Accra bei iwe hiyo? Nani amekosea?

Fundi Gyabaah

*

Gyabaah mwanangu, umekosea wewe, tena kwa sauti. Hilo jiko limenitoa machozi, nakiri, wanaume wa namna yako ni wachache. Lakini ulimuuliza mwenzio kama anataka kupika Techiman? Huko mahindi yamejaa soko zima na kila nyumba inakanda unga wake. Nani atamnunulia kenkey?

Hukwenda kununua ukuta, bwana. Bibi Okaile anauza mahali. Wenye mishahara wamejazana Osu kwa sababu ya maofisi, kila mmoja anataka kulala karibu na kazi, na ardhi ya Osu haiongezeki hata uchanganye zege gani. Ndiyo maana kodi inapanda. Na hao hao wanaoipandisha, asubuhi wamepanga foleni mbele ya Akweley. Kwenu viwanja bado vipo tele na wenye mishahara ni wa kuhesabu, kwa hiyo nyumba yako nzuri itakodishwa kwa bei ndogo. Usinune.

Sasa sikiliza. Nyumba ya Techiman mpangishe mwalimu wa huko. Jumamosi chukua mwiko wako na saruji kidogo, nenda kwa Bibi Okaile, mwombe radhi kwanza, mzibie ule ufa bure, ndipo umwombe apokee kodi ya mwaka mmoja. Akikubali, simu usipige. Toka mlangoni pake ukihesabu hatua, si unapenda kuhesabu, mpaka kwenye meza ya kenkey. Panga foleni kama wengine. Zamu yako ikifika, mwambie ni hatua ngapi kutoka chumbani kwenu hadi kazini kwake, na kwamba jiko la pili utalijenga hapo hapo Osu kwa urefu ule ule.