Sisimizi Mlangoni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Maisaka tu wazima, na mahindi yamebeba. Umeniuliza Waingereza wanatofautishaje "must" (lazima) na "might" (huenda) wanapokisia jambo.

Miaka ile sukari ilipoadimika, mgambo aliyekuwa akisaka walanguzi aliona sisimizi wamejaa mlangoni pangu. Akapaza sauti, "Mama Yohana, lazima umeficha sukari!"

Majirani wakatoka. Nikasimama mlangoni. "Sema huenda. Lazima utaisema pasipobaki maelezo mengine."

Nikampisha. Akawafuata sisimizi hadi kwenye kibuyu, akakifunua, akakuta asali aliyoniletea kaka yangu kutoka Singe. Akataka kuondoka kimya kimya, nikamshika mkono.

"Umenitangaza kwa sauti. Nisafishe kwa sauti hiyo hiyo."

Akanisafisha, wote wakisikia.

Basi "must" usiitamke ikiwa bado yaweza kuwa kibuyu cha asali; hapo sema "might". Na watu wakikurushia wewe "must" hiyo bure, simama mlangoni kama mimi, wakusafishe kwa sauti.

Bibi yako