Maziwa ya Patroni

Papa,

Matanga yako imeisha, watu wamerudia kwao, lakini hasira yangu haijaisha. Mama anasema mufu haandikiwi maneno ya hasira. Sasa nimuandikie nani? Ni weye tu ulikuwa unanisikiliza.

Patroni wako wa ateliye, ile karakana ya batri, alifika hapa jana na bidon ya maziwa. Aliiweka mbele ya Mama, akasema pole sana, hii vita inamaliza watu. Vita! Papa, masasi haikukugusa hata siku moja. Ulikufa tumbo linakukaza, mikono imelegea mpaka kikombe nilikuwa nakushikia miye.

Tangu umeme ikatike Bunia, kila mutu alitaka batri, ya redio, ya taa. Mulikuwa munavunja batri za zamani, munayeyusha plombu yake, ile madini ya risasi, mule ndani, mulango umefungwa, ju patroni aliogopa askari wasione moshi wakakuja kuiba. Ule moshi wote muliumeza. Dawa yake ilikuwa kikombe cha maziwa kila magaribi: "Kunyweni, inasafisha damu." Ulikuwa unarudi na maziwa ku sharubu, unacheka, unaniambia miye binti yako, "Mama yangu, patroni wetu anatuchunga." Njia ya Boga, kule maziwa ilikuwa inatoka, ikafungwa, maziwa ikakosa. Kazi ikaendelea vile vile.

Miye pia niliamini. Kisha ya mazishi nilienda kule ateliye kuchukua salopeti yako, ile ovaroli ya kazi. Patroni alikuwa anatoka, na mutoto wake akamukimbilia. Patroni akamuzuia na kiwiko: "Usiniguse, ningali na vumbi ya plombu." Akavua koti, akavua viatu, akaviacha mule ndani, akanawa na sabuni mpaka mabegani, ndipo akamubeba.

Alijua, Papa. Alijua siku zote! Sabuni ilikuwako, maji ilikuwako, nguo ya kubadilisha ilikuwako, yote ya yeye peke yake. Weye alikuacha urudi na ile vumbi ku mwili, Furaha, mudogo wetu, anakurukia ku shingo, na miye nafua salopeti yako mu beseni tunamuogeshea. Leo Furaha naye anashika tumbo. Ile salopeti sikuibeba, nilimuachia patroni.

Na jana pole yake ilikuwa na mukia: anataka kaka Dieudonné achukue nafasi yako. Kaka alikuwa tayari kukubali, ju njaa iko. Miye nikajaza maziwa mu kikombe chako cha bati, nikamupatia patroni. Nikamuambia: "Kama inasafisha damu, kunywa weye. Kisha ingia kule, funga mulango, uyeyushe plombu mpaka magaribi. Ukifanya vile, kaka yangu atakuja."

Hakukunywa. Aliangalia viatu vyake, akaaga Mama, akaenda. Kaka hakumufuata.

Maziwa Furaha alikunywa, yenyewe haina kosa. Kesho nitamubeba kwa munganga, na nitasema yote, hata jina la patroni. Wenzako nao nitawaambia nini niliona pale mulangoni.

Lala, Papa. Nakuahidi, hakuna mutoto wako ataingia mule wakati mulango ungali umefungwa. Na Furaha akiuliza nini ilikuua, sitamuambia ni vita.

Miye, binti yako,
Neema